Uzi maalumu: Kubadilisha tremolo ya gitaa la umeme, kuanzia msuguano hadi vipimo

Nyuzi_Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Swali la "gitaa langu halikai kwenye tyuni, ninunue tremolo gani?" halikauki. Majibu nayo tunayajua: mmoja anataja kampuni hii, mwingine ile, muulizaji ananunua, anafunga, na gitaa linatoka kwenye tyuni vilevile. Nimeona miili mizuri ya magitaa ikichongwa ovyo wakati kosa lilikuwa kwenye nati. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usinunue daraja jipya mpaka uwe umethibitisha kwamba daraja ndilo lenye kosa, na ukishathibitisha, nunua linaloingia kwenye matundu uliyonayo. Kugusa mbao kuwe jambo la mwisho kabisa.

Tuelewane maneno kwanza. Daraja ni kile kifaa juu ya mwili kinachoshika nyuzi, na tremolo ni daraja linaloinama ili kushusha au kupandisha noti. Mkono ni kile chuma unachoshika kuliinamisha. Bloku ni lile pande la chuma chini ya daraja linaloingia ndani ya mwili. Ukucha ni kibati chenye meno kilichoko kwenye shimo la nyuma, ndicho kinachoshika springi. Makali ni ukingo wa bamba la daraja unaoegemea nguzo au skrubu. Nati ni ile ya mwisho wa shingo, yenye mifereji ya nyuzi. Sadeli ni vile vipande sita juu ya daraja ambavyo nyuzi zinakalia.

Kosa liko wapi?

Tyuni nyuzi zote kwa tyuna. Bonyeza mkono hadi nyuzi zilegee, kisha uachie urudi wenyewe bila kuusukuma. Soma tyuna uzi mmoja mmoja na uandike kila kilichobadilika. Kama daraja lako linaelea, yaani halijalala juu ya mwili, vuta mkono juu, uachie, usome tena.

Ukikuta nyuzi zote sita zimeshuka kidogo baada ya kubonyeza, na zote zimepanda baada ya kuvuta juu, basi daraja halirudi mahali pake. Hapo tuhuma ziko kwenye makali, nguzo, skrubu au springi. Hili ndilo kosa ambalo daraja jipya linaweza kuliponya.

Ukikuta uzi mmoja au miwili tu imepanda baada ya kubonyeza, na mara nyingi ni ule wa tatu, angalia kichwani. Unapobonyeza mkono, mvutano wa upande wa daraja unakwisha, lakini kile kipande kifupi kati ya nati na ufunguo wa kutyuni bado kimekaza, kwa hiyo kinavuta uzi kidogo kuelekea kichwani. Ukiachia mkono, uzi unatakiwa uteleze urudi ulikotoka. Mfereji ukiwa mwembamba au una mikwaruzo, hautelezi. Unabaki umenasa, na sehemu unayopiga inabaki imekaza kuliko mwanzo. Ndiyo maana unapanda. Ukivuta uzi kwa kidole mambo yanageuka: baada ya kuuachia unashuka, na ukibonyeza kile kipande kilicho nyuma ya nati noti inarudi mahali pake.

Hizo dalili mbili zinakwenda pande tofauti. Nati inapandisha baada ya kubonyeza, daraja linashusha baada ya kubonyeza. Shika hilo na utaokoa fedha nyingi.

Dalili nyingine ya nati ni mlio. Zungusha ufunguo polepole huku sikio liko karibu na kichwa cha gitaa. Ukisikia "tik" na sindano ya tyuna inaruka badala ya kupanda taratibu, uzi unanasa.

Kuisafisha nati si kuichimba. Mfereji uwe mpana kidogo tu kuliko uzi wenyewe, kitako chake kiwe cha mviringo, na uteremke kidogo kuelekea kichwani ili uzi ukae juu ya ukingo wa mbele. Tumia tupa nyembamba au msasa laini uliokunjwa juu ya kipande cha uzi wa saizi hiyohiyo, sugua mara chache, pima, rudia. Ukipitiliza chini, uzi utagonga freti ya kwanza na itabidi nati nyingine. Malizia kwa unga wa penseli laini au grisi kidogo ya nati. Kwenye vishikizo vya kichwani, vile vinavyozikandamiza nyuzi za juu, paka vilevile au weka vya roli. Kwenye funguo za kutyuni, mizunguko miwili mitatu ya uzi inatosha. Uzi uliozungushwa mara saba nane unajikaza na kujilegeza kila ukigusa mkono. Funguo za kufunga uzi zinasaidia hapo, na hazihitaji mbao kuguswa kama saizi ya matundu inalingana.

Na nyuzi mpya zivute kwa vidole, utyuni, uzivute tena, mpaka ziache kushuka. Wengi wanalaumu chuma kabla nyuzi hazijatulia.

Mizani ya springi

Daraja linaloelea ni mizani: upande mmoja nyuzi, upande mwingine springi. Seti ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi) kwenye skeli, yaani urefu wa uzi kutoka nati hadi sadeli, ya milimita 648, tyuni ya kawaida, inavuta karibu kilo 46. Seti ya 9 hadi 42 inavuta karibu kilo 38. Ukibadili saizi ya nyuzi au ukishusha tyuni, mizani imeinama na lazima urudi kwenye skrubu mbili za ukucha.

Watu wanasahau kwamba idadi ya springi haibadilishi uzito unaotakiwa kusawazishwa, inabadilisha ugumu wa mkono. Springi tatu zilizokazwa sana na springi tano zilizolegezwa zinaweza kusawazisha nyuzi zilezile. Lakini zile tano zitaupa mkono ugumu zaidi, kwa sababu kila milimita daraja linaposogea, springi tano zinaongeza nguvu kuliko tatu. Faida yake ni kwamba ukivuta uzi mmoja kwa kidole, nyingine hazishuki sana. Hasara yake ni kwamba ule mtetemo mwepesi wa vidole viwili unapotea. Anayepiga solo za kuvuta nyuzi mbili kwa pamoja aanze na nne au tano. Anayetaka mkono mlaini aanze na tatu.

Kwenye daraja la skrubu sita, mtindo ulioanza na Stratocaster ya mwaka 1954, Fender wanapendekeza nyuma ya bamba pawe na nafasi ya milimita 3.2 hivi juu ya mwili. Kwa zile za nguzo mbili ni milimita 2.4 hivi. Skrubu sita zenyewe usizikaze zote hadi chini. Acha mbili za pembeni ndizo ziwe egemeo, na zile nne za kati ziinue kidogo zisiguse bamba. Daraja lililobanwa na skrubu zote sita haliwezi kuinama kwa uhuru, na hapo ndipo zile nyuzi sita zinazoshuka pamoja zinapotokea. Marekebisho haya ni ya bisibisi tu, na yanaponya magitaa mengi kuliko daraja lolote la kununua.

Vipimo kabla ya kuagiza

Ukishamaliza hayo yote na daraja bado ni bovu, chukua kalipa. Rula ya shule haitoshi, kwa sababu tofauti tunazozungumzia ni za milimita mbili tatu.

Pima kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya ile ya sita. Madaraja ya mtindo wa zamani wa Marekani yana milimita 56.4. Mengi ya Stratocaster zilizotengenezwa Meksiko zenye skrubu sita yana 52.4 hivi. Ukiagiza la 56.4 ukalipeleka kwenye matundu ya 52.4, haliingii, na usijidanganye kwamba utalisukuma.

Pima pia upana wa nyuzi zenyewe, kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita pale kwenye sadeli. Hiki ni kipimo kingine kabisa na wengi wanavichanganya. Daraja la nguzo mbili la Fender la Marekani, kwa mfano, nguzo zake zimeachana milimita 56.4 lakini nyuzi zina 52.4. Shingo nyembamba ikipewa nyuzi zilizotawanyika 56.4, uzi wa kwanza utakaa ukingoni mwa freti na utakuwa unachomoka ukifanya mtetemo wa kidole.

Kina cha mwili nacho. Stratocaster ya kawaida ina unene wa milimita 44 hadi 45. Magitaa mengi ya bei nafuu ni membamba zaidi, na bloku refu litatokeza nyuma, kifuniko hakitafunga, tena linaweza kugonga ukingo wa shimo ukibonyeza mkono. Toa bloku la sasa, pima urefu wake, na pima nafasi iliyopo mbele na nyuma yake.

Hesi ya mkono ni jambo dogo linalokera. Za Marekani huwa na hesi ya 10-32, nyingi za Asia ni M5 au M6. Ukilazimisha mkono usio wake, bloku limekwisha. Mkono ukicheza ndani ya tundu, tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili kwenye hesi, inautuliza.

Bloku: chuma, shaba au zinki

Hapa kuna ubishi mwingi, nami nina upande wangu. Bloku zito la chuma badala ya lile jembamba la zinki linaongeza uimara wa noti, hasa kwenye magitaa yenye bloku dogo mno, na ni badiliko linalorudishika: skrubu tatu juu ya bamba, basi. Shaba ya njano inasifiwa kwa sauti ya joto kuliko chuma, na tofauti hiyo ni ndogo. Lakini bloku halitatuliza tyuni. Anayenunua bloku ili gitaa likae kwenye tyuni amenunua kitu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Kwa tyuni, angalia ugumu wa chuma cha makali na cha nguzo.

Makali yaangalieni kwa karibu, jamani. Toa daraja, liweke chini ya taa ya mezani, uliinamishe polepole. Makali mazima yanaonyesha mstari mmoja mwembamba wa mwanga, ulionyooka. Makali yaliyokufa yana kipengo kidogo kinachometameta pale yanapokalia nguzo, kama sehemu iliyofinywa, na ukipitisha ukucha wa kidole unanasa. Pale ndipo daraja linapokaa mahali pawili tofauti kila likirudi.

Kinachoyaua haraka ni kuzungusha nguzo kupandisha au kushusha daraja wakati nyuzi zimekaza. Chuma kinasaga chuma kikiwa na mzigo wa nyuzi na springi. Legeza nyuzi kwanza, kila mara, hata kama ni robo mzunguko.

Karibuni kwa maswali.

---

MkonoMwepesi

Mkuu, madini haya. Mimi nina gitaa la skrubu sita, mwili wa kawaida. Napiga muziki mzito, nabonyeza mkono hadi nyuzi zinalala juu ya pikapu. Nimefanya jaribio lako: uzi wa tatu na wa nne zinapanda, nyingine ziko sawa. Nilikuwa nimeshaamua kuchonga niweke Floyd Rose. Unanishaurije?

---

Nyuzi_Sita

Kaka MkonoMwepesi, jaribio lako limeshajibu: nyuzi mbili zinapanda, hiyo ni nati. Itengeneze hiyo kwanza, kisha ubonyeze kama kawaida yako kwa muda.

Ila kwa mtu anayebonyeza hadi chini kabisa kila wimbo, Floyd Rose lina haki yake. Floyd D. Rose alipata hataza yake mwaka 1979, na wazo lake ni la moja kwa moja: kama msuguano wa nati na wa funguo ndio unaoharibu, bana uzi kwenye nati na kwenye sadeli, msuguano usiwe na mahali pa kutokea. Hakuna daraja la kawaida litakalolifikia kwa mtindo wako.

Gharama yake ni mbao. Nguzo zake zimeachana milimita 74, kwa hiyo matundu yako ya skrubu sita hayana kazi tena. Shimo la juu lazima lipanuliwe, na kama unataka kuvuta juu, lazima kuwe na bonde nyuma ya daraja. Nati ya kufunga inahitaji kitako cha nati kipunguzwe: saizi ya R2 ina upana wa milimita 41.3, R3 ni 42.9 hivi, pima shingo yako kabla ya kuchagua. Kukosea kina cha kitako hicho kunaharibu shingo, na shingo ni ghali.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Kama gitaa hilo unalipenda, liache. Tafuta gitaa jingine lililozaliwa na shimo la Floyd Rose hata kama daraja lake ni dhaifu, kisha badilisha daraja. Matoleo mengi yenye leseni hutumia zinki kwenye sadeli au bamba, na zinki haishiki makali kwa muda mrefu. Toleo la asili lina bamba na sadeli za chuma kilichotiwa ugumu. Pima nafasi ya nguzo, kipenyo cha bushi (ule mrija wa chuma ndani ya mbao unaoshika nguzo) na urefu wa bloku (yapo ya milimita 32, 37 na 42) kabla ya kuagiza, kwa sababu matoleo ya leseni hayafanani yote.

Ukishalipata: usitoe nyuzi zote kwa pamoja. Weka kipande cha mbao au kadi zilizokunjwa chini ya mkia wa daraja likae sambamba na mwili, ndipo ubadilishe nyuzi. Tyuni, toa kipande, daraja litainama, kaza au legeza ukucha, tyuni tena, mpaka lisimame sambamba na tyuni ikiwa sahihi. Tyuna ndogo za kwenye daraja ziwe katikati kabla hujafunga nati. Na kama kufunga nati kunapandisha noti, kile kifimbo kilicho nyuma yake kiko juu mno: kishushe hadi nyuzi zilale kabisa kwenye kitako cha nati kabla ya kubanwa.

---

FundiMbao

Naongezea upande wa mbao, maana ndiyo kazi yangu.

Wanaohama kutoka skrubu sita kwenda nguzo mbili: matundu ya zamani yazibwe kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi ya mbao, yaachwe yakauke kabisa, ndipo yatobolewe mapya. Ukitoboa tundu jipya linalokula nusu ya tundu la zamani lililo wazi, keekee itakimbilia kule kwenye uwazi na bushi itakaa upande. Tumieni keekee ya kusimama. Ukiishika keekee mkononi, tundu halinyooki kwa kina hicho.

Bushi kulala mbele ni ugonjwa wa miili ya mbao laini. Nyuzi na springi kwa pamoja zinaivuta nguzo kuelekea shingoni siku zote. Ukiona nguzo zimeinama au kuna ufa wa rangi mbele ya bushi, usikaze chochote. Toa bushi, ziba tundu kwa mbao ngumu, toboa upya. Gundi peke yake kuzunguka bushi iliyolegea ni kuahirisha.

Skrubu za ukucha nazo. Zinaingia kwenye mbao kwa pembe na kubeba mzigo wote. Tundu likilegea, vijiti vya meno na gundi ya mbao vinatosha kama hakuna ufa. Paka nta kwenye skrubu kabla ya kuirudisha, itaingia bila kupasua.

---

Nyuzi_Sita

Fundi, heshima yako. Niongeze kwa wanaoogopa keekee: yapo madaraja yaliyobuniwa kukalia skrubu sita zilezile lakini bila msuguano wa makali. BladeRunner la Super-Vee, kwa mfano, linatumia bamba jembamba la chuma cha springi linalopinda badala ya makali. Hakuna tundu jipya hata moja.

---

Kapo_Saba

Wadau, nimebadilisha bloku na ukucha wikiendi hii. Sauti nzuri, lakini sasa gitaa linanguruma, na nikigusa nyuzi ngurumo haiishi. Zamani nikigusa nyuzi ilikuwa inakata.

---

FundiMbao

Waya wa ethi huo. Ukucha wa zamani ulikuwa na waya umelehemewa nyuma yake, unaotoka nyuma ya kirekebishi cha sauti. Umekatika au hukuuhamisha. Kwangua kidogo ukucha mpya mpaka chuma tupu kionekane, pasha moto vizuri kwa pasi ya kulehemu yenye nguvu (ukucha ni mnene, pasi ndogo haiupashi), kisha lehemu. Kama ukucha mpya au bloku limepakwa rangi nzito, hakikisha pia springi zinagusa chuma na si rangi.

---

Kapo_Saba

Umepatia fundi. Waya ulikuwa unaning'inia shimoni. Sasa kimya. Shukrani sana.

---

Kijana_Solo

Mkuu Nyuzi_Sita, swali langu ni la uelekeo. Mimi sivuti mkono juu hata siku moja, nabonyeza kidogo tu. Kinachonikera ni nyuzi nyingine kushuka nikivuta mmoja, na uzi ukikatika jukwaani gitaa zima linapanda. Nifunge daraja kabisa?

---

Nyuzi_Sita

Kijana_Solo, hapana haja ya kulifunga. Lilaze juu ya mwili. Kaza ukucha hadi mkia wa daraja uguse mbao na ukae palepale hata ukivuta uzi wa tatu tone nzima. Bado utabonyeza, hutavuta juu tu, na uzi ukikatika nyingine zitabaki mahali pake kwa sababu daraja halina pa kwenda. Kwenye Floyd Rose lisilolala, weka kipande cha mbao ndani ya shimo la nyuma, kati ya bloku na ukuta wa upande wa shingo. Bloku litakiegemea na halitaweza kusogea zaidi kuelekea shingoni. Kikate kwa msasa taratibu, kwa sababu nusu milimita inasikika.

Kama unataka kubadilisha hali bila kufungua gitaa, kuna Tremol-No, kinachochukua nafasi ya ukucha na springi ya kati: skrubu za kidole zinafunga daraja, zinaruhusu kubonyeza tu, au zinaliachia lielee. Ni kifaa kizuri, mradi ukilinganishe kinyooke na bloku. Kikikaa upande kinaleta msuguano uleule unaoukimbia.

Ukichagua kulaza, springi zikaze kiasi tu. Ukipitiliza, mkono unakuwa mgumu na mwanzo wa kubonyeza unakuja kwa kishindo.

---

Zuhura_Freti

Habari za humu. Gitaa langu ni la mwili uliotuna juu, daraja ni Tune-o-matic (la kawaida, lisilo na mkono) na kishikio cha nyuzi nyuma, hakuna shimo lolote. Nataka mtetemo mdogo wa akodi, sitaki fujo. Nimeambiwa Bigsby, lakini sitaki tundu jipya.

---

Nyuzi_Sita

Dada Zuhura, karibu. Kwa mtetemo wa akodi, tremolo ya Bigsby ndiyo jibu lako. Inashuka nusu tone hadi tone moja hivi, kwa ulaini ambao madaraja mengine hayana. Toleo la B7 linatumika sana kwenye miili iliyotuna, na kuna bamba la Vibramate V7 linalokaa kwenye matundu ya kile kishikio chako cha nyuzi, kwa hiyo mwili hautobolewi.

Ila jua kwamba B7 ina kifimbo kinachozikandamiza nyuzi kabla hazijafika daraja. Kinaongeza pembe ya nyuzi juu ya sadeli, na pembe kali ni msuguano. Kwa hiyo kazi yako kubwa iko kwenye Tune-o-matic. Ama weka daraja la roli, na roli zake ziwe zinazunguka kweli (zijaribu kwa kidole moja moja, vumbi linazigandisha), ama lainisha mifereji ya sadeli zako kwa msasa laini kabisa na uipake grisi. Kichwa cha funguo tatu kila upande nacho kinapindisha uzi wa tatu na wa nne kwenda pembeni baada ya nati, kwa hiyo mifereji hiyo miwili ielekezwe kule uzi unakokwenda.

Ukibonyeza na daraja lenyewe likayumba kidogo kwenye nguzo zake, usiogope mradi linarudi katikati. Likibaki limeinama mbele, nyuzi zitashuka zote pamoja, ile dalili ya kwanza kule juu.

---

Zuhura_Freti

Nimeelewa vizuri sana. Na ndugu yangu ana gitaa la mtindo wa Jazzmaster. Akipiga kwa nguvu, nyuzi zinaruka kutoka kwenye sadeli. Ananiuliza kama abadilishe tremolo yote.

---

Nyuzi_Sita

Asiiguse tremolo. Ile ya Jazzmaster, ya mwaka 1958, ni miongoni mwa zilizobuniwa kwa akili sana: daraja limesimama kwenye nguzo zenye ncha chini na linayumba pamoja na nyuzi, kwa hiyo msuguano wa sadeli ni mdogo. Udhaifu wake ni kwamba kibati cha mkono kiko mbali nyuma, nyuzi zinapita juu ya sadeli kwa pembe ndogo mno, na mifereji ya sadeli za asili ni mifupi kama hesi ya skrubu. Ilibuniwa wakati watu wanatumia nyuzi nene.

Aanze kwa kuweka kabari nyembamba ya mbao kwenye mfuko wa shingo, upande wa pikapu, ishuke hadi sifuri upande wa pili, ili shingo iiname nyuma karibu digrii moja. Hapo atalazimika kupandisha daraja, na pembe ya nyuzi itaongezeka. Kabari iwe ya mteremko na ijaze mfuko wote. Kipande cha kadi upande mmoja kinaacha uwazi chini ya shingo. Aweke nyuzi za 11. Zikiendelea kuruka, abadilishe sadeli ziwe za mtindo wa Mustang, zenye mfereji mmoja wa kina, au daraja zima la Mastery, ambalo halitikisiki kwenye nguzo.

Na vile viskrubu vidogo vya kupandisha daraja vinajilegeza vyenyewe kwa mtetemo. Tone moja la gundi ya hesi, ile inayofunguka kwa bisibisi, kwenye kila kimoja. Akimaliza mwambie afanye jaribio la kubonyeza na kuachia, aandike matokeo ya nyuzi zote sita, alete hapa.